Njia ya sita hailiondoi Fuso

Swali ni lilelile, anabadilika mwulizaji tu. Kijana amekaa sebuleni na padi ya PlayStation mkononi. Amejenga mji wake ndani ya Cities: Skylines, foleni imemkaba katikati ya mji, akabomoa safu ya maduka, akalaza barabara ya njia sita na magari yakaanza kupita. Kesho yake anakwama mtaa wa Msimbazi akielekea Gerezani. Akitoka hapo anamtafuta mtu yeyote aliyesomea mipango miji ili amuulize: serikali inashindwa nini kufanya hivyohivyo Kariakoo, Dar es Salaam?

Waliosomea wameshachoka kujibu kwa upole. Tatizo si kwamba kijana anacheza gemu. Tatizo ni kwamba hajalitazama vizuri gemu analolicheza, kwa sababu mle ndani foleni haikumalizwa na zile njia sita. Magari yalifutwa.

Gemu hilo lilitengenezwa na kampuni ya Colossal Order ya mji wa Tampere, Finland. Lilitoka kwa ajili ya kompyuta Machi 2015 na kufika PlayStation 4 Agosti 2017. Watengenezaji walijua kwamba mji ukikwama kabisa mchezaji atazima mashine akalale, hivyo wakaweka dawa ya kimyakimya: gari likisimama kwenye foleni muda mrefu mno, programu inaliondoa. Halipiti, halirudi nyuma, halikati kona. Linatoweka na abiria wake, na barabara inapumua. Maegesho nayo yana uchawi wake. Mkazi wa gemu asipopata pa kuegesha, gari lake linaingia mfukoni, na akitaka kuondoka analichomoa palepale alipo. Mpangamiji wa Dar es Salaam akipewa uwezo huo kwa wiki moja tu, ataomba kustaafu kwa heshima.

Si gemu hili peke yake. SimCity ya mwaka 2013 ilipokuwa inatengenezwa, mbunifu wake mkuu, Stone Librande, alipima ukubwa wa viwanja vya maegesho ya kweli vya Marekani akashtuka. Angeviweka kwa kipimo chake halisi, mji mzima ungekuwa maegesho na gemu lingechosha. Akaamua tuchukulie kwamba yako chini ya ardhi, na mchezaji hayaoni wala hayalipii.

Na hata ukiacha uchawi huo, njia sita hazifanyi kile anachodhani kijana. Mchezaji makini wa Cities: Skylines ya kwanza ameliona hili kwa macho yake: barabara pana, njia moja imejaa magari hadi nje ya mji, na njia za pembeni yake tupu kabisa. Gari linachagua njia mapema kulingana na kona litakayokata mbele, kisha linang'ang'ania hapohapo. Foleni inatengenezwa kwenye makutano, wala si kwenye upana wa lami. Anayecheza kwenye kompyuta anaweza kupachika programu za ziada zilizoandikwa na wachezaji wenzake na kuyaelekeza magari njia kwa njia. Mwenye PlayStation hana msaada huo, ndiyo maana anakimbilia kubomoa.

Sasa twende Kariakoo yenyewe.

Mitaa yake ya miraba ilichorwa mwishoni mwa utawala wa Wajerumani, na kwa miongo mingi ilibeba nyumba za Kiswahili za chini: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Upana wa mtaa ulitosha watu wa nyumba hizo na wageni wao. Leo kwenye kiwanja kilekile limesimama ghorofa, maduka yamepangana kuanzia chini hadi juu, stoo zimejaa, na mteja anatoka Mbeya, Lubumbashi au Lusaka. Jengo lilipanda, mtaa ukabaki na upana uleule. Kwenye gemu, Kariakoo nzima inaingia ndani ya kipande kimoja cha ramani, ambacho kina upande wa chini kidogo ya kilomita 2, na nafasi inabaki. Ila hakuna kipande cha gemu kilichowahi kushushiwa mzigo kama ule.

Simama pembeni ya mtaa wa Kongo asubuhi utazame kinachoziba njia. Fuso limeegesha, limewasha hazadi, na kuli wanne wanashusha marobota ya vitenge. Nyuma yake kuna Kirikuu inayosubiri nafasi hiyohiyo. Guta limepita upande usio wake kwa sababu upande wake una meza ya machinga, na machinga yupo pale kwa sababu ndipo wateja wapitapo kwa miguu. Bodaboda wamejaza upenyo uliobaki. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayesafiri. Wote wako kazini, na barabara ndiyo ofisi yao. Injini ya gemu haina kuli, haina guta wala mkokoteni. Kwake barabara ni mahali pa kupita, basi.

Ukiongeza njia hapo, unachopata ni nafasi ya Fuso la pili. Ukiongeza nyingine, la tatu. Mwenye duka hafanyi ubaya wowote: mzigo lazima ushuke, na ukishuka mlangoni analipa kuli kidogo. Atautumia upana wowote utakaompa, bure, kuanzia siku ya kwanza.

Huko kwenye barabara kuu mambo yanakwenda kwa mwendo mwingine lakini yanaishia palepale. Katy Freeway ya Houston, Texas, ilipanuliwa hadi mwaka 2008, na sehemu zake pana zikafikisha njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Kati ya 2011 na 2014, muda wa kusafiri jioni uliongezeka kwa asilimia 55. Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha mwaka 2011 hesabu za miji ya Marekani zikionyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa hupanda karibu sawasawa na kilomita za njia zinazojengwa. Barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa anapanda daladala anatoa gari, na aliyekuwa anaishi karibu anahamia mbali. Ukitaka mfano wa karibu, iko Thika Road ya Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2012. Ni pana na nzuri, na inamwaga magari yake mjini kwenye mitaa ileile ya zamani.

Dar es Salaam nayo imejenga. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa Septemba 2018, lile la Kijazi Ubungo Februari 2021, na kilomita 19.2 za Kimara hadi Kibaha zikapanuliwa kutoka njia mbili hadi nane. Nyingi ya kazi hizo zilihitajika, malori ya bara lazima yapite. Lakini dereva wa barabara ya Mandela aliyepita Tazara chini ya daraja anajua taa za Buguruni zinamsubiri. Na zile njia nane hazikupatikana kwa kubonyeza kitufe: mwaka 2017 nyumba za Kimara, Mbezi na Kiluvya zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kila upande zilichorwa X nyekundu zikabomolewa, na ugomvi wa fidia ukafika mahakamani. Kwenye gemu, mwenye nyumba anahama bila kuaga.

Wepesi huo wa kubomoa haukuanza na PlayStation. Will Wright alipotengeneza SimCity, iliyotoka 1989 na kuingia kwenye mashine ya Super Nintendo mwaka 1991, alichota mawazo kwa Jay Forrester, mhandisi wa Marekani aliyeandika mwaka 1969 kitabu cha kuukokotoa mji kwa kompyuta. Moja ya majibu ya kompyuta ile ni kwamba mji unafufuka ukibomoa nyumba za masikini. Wapangaji walimpinga sana, kwa kuwa wabomolewaji wanahamia mahali, na mahali hapo hapakuwamo kwenye hesabu zake.

Haya, kinachosaidia. Mabasi kwanza: njia moja ya magari mchanganyiko hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa, njia maalumu ya mabasi kati ya 4,000 na 8,000, na mabasi ya mwendokasi yamefika Gerezani tangu Mei 2016. Mzigo ushuke usiku. Biashara ya saa 24 iliyozinduliwa Kariakoo mwaka 2025 imefungua mlango huo, zibaki taa na ulinzi. Maegesho ya ndani yalipiwe kwa saa na malipo yawe ya kuuma. Mitaa miwili mitatu ifungwe kwa magari mchana, machinga wapangwe humo kwa mistari. Mitaa mingine iwe ya kwenda tu au kurudi tu.

Mchezaji naye arudishe padi mkononi. Ang'oe nusu ya makutano kwenye barabara kuu, atenganishe viwanda na maduka, apitishe marufuku ya malori katika mtaa wa katikati, aweke njia za miguu zinazokatiza, kisha aanzishe mabasi kabla watu hawajajaa. Barabara ya njia sita aipunguze iwe nne, na aone kama kuna mkazi atakayelalamika.