JE, WAJUA? Cheni hairefuki kwa kuvutika

Cheni ya pikipiki inaporefuka, chuma chake hakijavutika hata kidogo. Vinavyolika ni pini na bushi ndani yake. Kila kiungo kikilika mm 0.1 tu, cheni ya viungo 100 huongezeka mm 10!

• Meno ya sproketi yaking'aa ubavu mmoja, gurudumu la nyuma limekaa upande. Unapolinyoosha, usitegemee alama za kiwandani pekee. Pima kutoka egemeo la mkono wa nyuma (unaoshika gurudumu) hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Vipimo vilingane.

• Pikipiki za trayali, zile za kupanda miamba na magogo, nyingi zina mkono wa nyuma wa alumini. Cheni huteleza juu ya kipande cha plastiki. Plastiki ikiisha, cheni hukata alumini kama msumeno. Badilisha plastiki hiyo mapema.

• Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Pima ulegevu hapo. Cheni ikikosa ulegevu, huua beringi za gia.