Kuinua na Kuimarisha Springi za Gari Kubwa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Miongoni mwa huduma za gereji ambazo mlaji huzilipia fedha nyingi bila kuona vizuri alichonunua, ubadilishaji wa springi na shokapu za gari kubwa la njia mbovu una nafasi ya mbele. Gari hurudi nyumbani likiwa limesimama juu zaidi, majirani hulisifu, na mwenye gari huamini kwamba fedha yake imefanya kazi. Kilichofungwa chini ya sakafu hakionekani. Kasoro yake huja kujitokeza siku gari limejaa watu na mizigo, liko katika mteremko, na dereva anakanyaga breki.

Makala haya yanazungumzia zaidi Toyota Land Cruiser na Prado, kwa kuwa hayo ni magari yanayofahamika sana katika shughuli za utalii, miradi ya vijijini na safari za familia zinazoishi mbali na lami. Misingi yake, hata hivyo, inafaa kwa gari lolote la aina hiyo.

Ni vyema kuanza na tofauti ambayo wauzaji wengi huiruka. Springi na shokapu si kitu kimoja. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza baada ya gurudumu kupita juu ya jiwe au shimo. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupenya katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Katika barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, mfano wa ile itokayo Ngorongoro kuelekea Seronera kupitia Naabi, shokapu hutenda kazi mfululizo bila kupata nafasi ya kupoa. Mafuta hupata moto na kutoa povu, na povu haliwezi kuzuia kitu. Dereva huhisi gari limekuwa jepesi na kama linaelea. Ndiyo sababu shokapu zilizotengenezwa kwa njia kama hizo huwa na kiwiliwili kinene, mafuta mengi zaidi na gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo. Kwa hiyo mlaji ambaye kilio chake ni gari kurukaruka, akiuziwa springi ngumu peke yake, ameuziwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Swali ambalo muuzaji mwaminifu hulitanguliza ni hili: gari lako hubeba uzito gani wa kudumu? Neno la kuzingatia ni kudumu. Bampa la chuma, winchi, tangi la pili la mafuta, kibebeo cha paa na hema la juu ya paa ni uzito ambao haushuki garini. Masanduku ya safari ya Desemba hayamo katika hesabu hiyo. Watengenezaji wa seti hizi hutoa springi za madaraja mbalimbali kwa kufuata uzito huo, za mbele kwa hesabu yake na za nyuma kwa hesabu yake. Springi za daraja la mzigo mzito zikifungwa katika gari linalotembea tupu, gari huwa gumu, magurudumu hurukaruka juu ya kokoto badala ya kuigusa ardhi, na gurudumu lisiloigusa ardhi halishiki breki wala kona. Muuzaji anayekutajia bei kabla ya kuuliza uzito anauza urefu, hauzi usalama.

Aidha, springi ngumu haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Kikomo hicho kiliwekwa na mtengenezaji kwa kuangalia pia breki, mihimili, fremu na matairi. Gari ambalo halichuchumai tena nyuma linapopakiwa laweza kuwa limezidishiwa mzigo vilevile kama zamani, ila sasa macho hayaoni.

Zipo njia za mkato ambazo mlaji anapaswa kuzitambua kwa majina yake. Land Cruiser ya mfululizo wa 100 yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea haina springi za mviringo mbele. Ina vyuma virefu vinavyojipinda. Fundi aweza kukaza bolti mbili tu, gari likainuka kwa nusu saa. Kufanya hivyo hakukiongezei chuma kile nguvu yoyote. Kunabadilisha kimo tu na kulipunguzia gurudumu nafasi ya kushuka katika shimo. Katika magari mengine huwekwa vipande vya alumini au plastiki ngumu juu ya springi zilezile kuukuu. Katika yale yenye springi za majani huongezwa jani moja. Njia hizi zina mahali pake, na marekebisho madogo ya kimo si dhambi. Hila huanza pale ambapo mlaji anatozwa bei ya seti kamili kwa kazi hiyo.

Je, gari liinuliwe kiasi gani? Seti nyingi za matumizi ya kawaida hukusudia takriban milimita 50, yaani inchi mbili. Kila milimita inayozidi hapo ina deni lake. Kitovu cha uzito hupanda, na gari hupinduka kwa urahisi zaidi linapokwepa ng'ombe au bodaboda. Kwa magari yenye mhimili mzima mbele, kama mfululizo wa 80 na wa 105, mhimili huzunguka kidogo, na pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona hupungua. Gari huanza kutangatanga barabarani, na tiba yake ni bushi maalumu za kusahihisha pembe hiyo. Kwa yale ambayo magurudumu yake ya mbele yanajitegemea, kama Prado za mfululizo wa 120 na 150, sivijointi hufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi na mipira yake huchakaa mapema. Mipira ya kupitisha mafuta ya breki nayo isiwe imetanuka hadi mwisho gurudumu linaponing'inia. Sharti ikaguliwe gari likiwa juu ya jeki.

Liko jambo moja ambalo husahauliwa mno, nasi tunalitilia mkazo. Katika Land Cruiser na Prado nyingi za miaka ya nyuma, juu ya mhimili wa nyuma kuna vali iliyounganishwa na mhimili huo kwa fimbo. Gari linapopakiwa, bodi hushuka, fimbo husogea, na vali huruhusu nguvu zaidi iende kwenye breki za nyuma. Gari likiinuliwa bila fimbo hiyo kurekebishwa, vali hudhani gari ni tupu siku zote. Breki za nyuma hunyimwa nguvu hata pale ambapo kuna abiria wanane na mizigo, za mbele hubeba kazi karibu yote, na umbali wa kusimama hurefuka. Marekebisho yenyewe ni ya gharama ndogo mno yakilinganishwa na bei ya seti. Muulize fundi: "Fimbo ya vali ya breki utaifanyaje?" Akikutazama kwa mshangao, tafuta fundi mwingine.

Siku ya kufunga, omba vipimo vichukuliwe kwanza: kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, gari likiwa katika sakafu tambarare. Vipimo hivyo viandikwe kwenye karatasi ya kazi, na virudiwe kazi ikiisha. Gari lisimamishwe juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya fremu, kamwe si juu ya jeki peke yake wala matofali. Springi ya mbele ya Prado imebanwa pamoja na shokapu yake. Kuifungua bila kifaa cha kuikandamiza ni kuhatarisha maisha, na mlaji asijaribu nyumbani. Kwa gari lenye mfumo wa KDSS, vali za mfumo huo hufunguliwa kabla ya kazi na kufungwa gari likiwa limekaa sawa; vinginevyo laweza kuinama upande mmoja, na springi zisizo na hatia zikalaumiwa.

Bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho, gari likiwa limekalia magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejisokota kila siku na hupasuka kabla ya wakati. Baadaye gari lipelekwe kupimwa alaimenti, taa za mbele zishushwe zisiwapofushe wanaokuja, na nati zote zikazwe upya baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Uliza mapema kama ukaguzi huo wa pili umo katika bei.

Kuhusu nyaraka, andika kusudi lako katika oda: aina ya gari, uzito wa kudumu, njia unazopita. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kusudi lake na kuutegemea ujuzi wake ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kusudi hilo. Risiti ya EFD itaje kila kifaa na namba yake, na namba hizo zilingane na zilizo kwenye springi na shokapu zenyewe, si kwenye maboksi tu. Dai vifaa vya zamani urudishiwe. Dhamana iwe ya maandishi, ikitenganisha vifaa na kazi ya ufundi. Ijulishe pia kampuni ya bima kwa barua na utunze nakala, kwani mabadiliko yasiyotajwa huweza kuleta ubishi wakati wa madai.

Ukigundua kasoro, usiendelee kulitumia gari katika safari ndefu. Piga picha, pima tena kimo, na umwandikie muuzaji ukimpa muda maalumu wa kurekebisha. Akikataa, au ikiwa vifaa ni bandia au maelezo yake yalikuwa ya kupotosha, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, yakiambatanishwa na risiti, karatasi ya vipimo na nakala ya barua. Vifaa vilivyofunguliwa usivitupe hadi shauri liishe.