Kutoka Eldas hadi Hyderabad kwa Matibabu (Sehemu ya Pili): Kabla ya Ndege

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mgonjwa anavyoweza kuiandikia mwenyewe ofisi ya wagonjwa wa kigeni katika hospitali ya Hyderabad, akapata barua na makadirio ya gharama bila kumlisha dalali. Leo tuchukulie barua imefika. Mgonjwa yuko Eldas, jamaa wamechanga, na kila mtu anauliza ndege ni lini. Ndege ingoje kidogo.

Kinachowakwamisha watu wetu zaidi ni majina. Wajir mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi. Mke naye hachukui jina la mumewe. Mama, mume na mtoto wao wakitoa pasipoti tatu, karani wa India anaona watu watatu wasiohusiana. Kwa hiyo msindikizaji abebe cheti cha kuzaliwa au cha ndoa, kadiri ya uhusiano wao. Kisha kuna tahajia: kitambulisho kinasema Mohamed, ripoti ya daktari inasema Mohammed, kadi ya chanjo inasema Muhamed. Pasipoti ndiyo mama wa karatasi zote. Ripoti yoyote isiyofanana nayo irudishwe ikarekebishwe kabla hamjatoka Wajir, kwa sababu kuirekebisha ukiwa Hyderabad ni balaa.

Mtu mzima asiye na kitambulisho hapati pasipoti. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alifuta ule msasa wa ziada waliopitishwa watu wa kaunti za mpakani walipoomba kitambulisho. Foleni ya pasipoti, hata hivyo, haijafutwa na mtu.

Viza ya matibabu huombwa mtandaoni, na mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili, kila mmoja na viza yake. Tumieni tovuti ya serikali ya India yenyewe. Zimejaa zinazoiga sura yake na kutoza maradufu. Viza hiyo ya mtandaoni ni ya siku 60. Kwa upasuaji wa kawaida zinatosha, lakini mgonjwa wa saratani anayehitaji mionzi anaweza kukaa wiki saba kwenye mionzi peke yake, bila kuhesabu vipimo vya mwanzo. Huyo ni afadhali aombe viza ndefu ubalozini Nairobi tangu mwanzo.

Chanjo ya homa ya manjano haina mjadala. India imeiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na anayetoka huku bila kadi anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku sita. Sindano hutambuliwa baada ya siku 10, kwa hiyo ya kuchomwa JKIA siku ya safari ni bure kabisa. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 asihangaike: tangu 2016 kadi hizo ni za maisha.

Sasa fedha. Harambee hukusanywa kwa M-Pesa, na M-Pesa hailipi bili Hyderabad. Mazoea ya kubadilisha zote ziwe dola Eastleigh na kuzifunga kiunoni mwa mjomba yana hatari zake. Noti zinazozidi dola 5,000 lazima zitangazwe forodhani, na stakabadhi ihifadhiwe. Afadhali sehemu kubwa itumwe na benki moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, na ninyi mbebe za chakula, nyumba na teksi.

Msibebe miraa, hata kishada kimoja. India huihesabu dawa ya kulevya. Thuraya mliyozoea porini ibaki nyumbani: simu ya setilaiti bila kibali ni kosa la jinai kule, na wageni wamekamatwa nayo uwanjani. Dhahabu za mama nazo ziachwe kwa dada. Nyirinyiri, hata ikiwa imekaangwa vipi, ni nyama, na forodha inaweza kuichukua. Maziwa ya ngamia mtayakosa. Ya kule ni ya nyati wa kufugwa, mazito.

Nani amsindikize? Hapa nina msimamo. Desturi humtuma mzee mwenye heshima, kisha mzee huyo anashindwa kusoma fomu ya ridhaa ya upasuaji. Mzee abaki aendelee kuchangisha. Mtumeni kijana anayeelewa Kiingereza na asiyechoka kuuliza, na mgonjwa akiwa mwanamke, aende na binti au dada wa kumwosha na kulala naye wodini.

Wengi wetu hupanga Tolichowki, mtaa wenye Wasomali, Wayemeni na Wasudani, ambako nyama halali na msikiti haviko mbali. Mwenye nyumba anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba amepokea wageni. Akisita kufanya hivyo, tafuteni kwingine, kwani mkihitaji kuongeza siku za viza rekodi hiyo ndiyo itakayoulizwa. Hyderabad, kwa kweli, ilizoea watu wa bahari yetu zamani. Nizam, mtawala wake, alikuwa na askari wapanda farasi kutoka Afrika, na mtaa wao ungali unaitwa AC Guards. Katika mtaa wa Barkas nako wanaishi wajukuu wa askari wa Hadhramaut.

Mfuko mmoja mgonjwa asiupeleke kwenye mizigo ya ndege: filamu za CT na MRI pamoja na diski zake, majibu ya maabara, na sampuli ya nyama iliyopimwa ikiwa ni saratani. Bila sampuli hiyo, mara nyingi madaktari huchukua nyingine na mnalipa upya. Na siku ya kuruhusiwa kutoka, mwombeni daktari aandike majina halisi ya dawa, siyo ya kibiashara tu, maana chapa za India hazipatikani katika duka la dawa la Eldas.

Wiki ijayo: bili ya hospitali, mstari kwa mstari.