Kutolewa Kizazi: Uliza Kwanza, Ndipo Utie Sahihi



Safari hii tunazungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Wengine watasema hayo ni mambo ya akina mama na daktari, si ya chama. Sisi twasema ni ya chama pia, na sababu ni hii.

Huko India, katika Wilaya ya Beed, Jimbo la Maharashtra, maelfu ya watu huhama makwao kila msimu kwenda kukata miwa. Mume na mke huandikwa pamoja kama mtu mmoja, hupewa fedha za kutangulia, kisha hukata miwa kulipa deni hilo. Asiyefika kazini siku moja hutozwa faini. Basi mama mwenye maumivu au anayetokwa na damu nyingi ya mwezi huona njia ni moja tu: kizazi kitolewe, kazi iendelee. Mwaka 2019 kamati ya serikali ya jimbo hilo iliwahesabu wanawake wakata miwa zaidi ya 82,000 wa Beed. Zaidi ya 13,000 walikuwa wamekwisha kutolewa kizazi, yaani kama mmoja katika kila sita. Kwa India nzima, katika wanawake wa miaka 15 hadi 49, ni kama watatu tu katika kila mia.

Hatusemi operesheni hii ni mbaya. Huokoa maisha mama anapokuwa na saratani ya kizazi, au damu isipokoma baada ya kujifungua. Huweza pia kumsaidia mwenye uvimbe mkubwa, au ambaye kizazi chake kimeshuka. Lakini maradhi mengi ya kizazi yana tiba nyingine. Uchafu unaotoka kwa sababu ya maambukizo hutibiwa kwa dawa. Damu nyingi mara nyingi hupunguzwa kwa vidonge, au kwa kitanzi chenye dawa. Uvimbe huweza kutolewa peke yake, kizazi kikabaki. Na mwenye kuambiwa kwamba kizazi kisipotolewa kitageuka saratani, aulize kwanza amepimwa nini na majibu yamesemaje.

Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, mama na aulize haya:

(a) Ugonjwa wangu unaitwaje, na umejulikana kwa kipimo gani?

(b) Kuna tiba gani nyingine, na nikingoja kutatokea nini?

(c) Mtatoa kizazi peke yake, au na vifuko vya mayai pia? Swali hili ni kubwa. Kizazi kikitolewa, hedhi hukoma na mimba haishiki tena. Vifuko vya mayai vikitolewa kabla ya wakati wake, mama hukoma kama mtu mzima kwa ghafula: joto la mwili, usingizi kupotea, na mifupa kudhoofika upesi.

(d) Nitapumzika kwa muda gani? Kwa kawaida huchukua wiki sita hivi bila kuinua mzigo mzito. Mwenye kubeba miwa au kikapu cha chai asidanganywe kwamba atarudi shambani baada ya siku chache.

Ikiwa si jambo la dharura, mama ana haki ya kwenda nyumbani akafikiri, na kumwona daktari wa pili. Mume ashauriwe, lakini mwili ni wa mama, na neno la mwisho ni lake. Nyapara hana neno hapo hata kidogo.

Mwaka 2022 Wizara ya Afya ya India ilitoa mwongozo wa kuzuia operesheni zisizo za lazima, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo iliyapa majimbo miezi mitatu kuutekeleza. Hilo ni jambo jema. Lakini mwongozo wa hospitali hauondoi faini ya shambani. Mama ambaye siku moja ya kuugua humnyima posho ya watoto hana uchaguzi, hata daktari akimweleza vizuri namna gani.

Hapo ndipo kazi ya chama inapoanza. Tudai likizo ya ugonjwa yenye mshahara, hata kwa vibarua wa msimu. Tudai vyoo na maji safi karibu na mahali pa kazi. Tukatae faini kwa mgonjwa. Tena kila tawi liwe na mama mmoja wa kuaminika, ambaye wenzake watamwendea bila haya, naye awe tayari kufuatana nao mpaka hospitali.

Ndugu zetu wanaume, msicheke mkisoma haya. Anayepasuliwa ili asipoteze siku ya kazi ni mfanyakazi mwenzenu.

Umoja ni Nguvu!