Mkate wa kumimina wa bibi, na karatasi isiyotosha

NYUMBA nyingi za Unguja haziupitishi mwezi wa Ramadhani bila ya mkate wa kumimina, ambao ndugu zetu wa Mombasa huuita mkate wa sinia. Ni mkate wa mchele na tui la nazi, mtamu, unaonukia hiliki. Kwetu aliupika mama yake bibi, kisha bibi mwenyewe, na kila Alhamisi ya Ramadhani sahani moja ilipelekwa msikitini kwa wenye kufuturu huko.

Bibi alifariki mwaka juzi, mwezi wa Shaabani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ramadhani ilipoingia, dada yangu alitoa karatasi aliyoiandika siku moja bibi akipika: mchele vipimo viwili, sukari kipimo kimoja, tui zito, hamira, hiliki, ute wa yai. Tukaifuata neno kwa neno. Mkate haukuumuka, ukatoka chini umeungua, katikati mbichi, na sukari imepindukia. Tulikula kimya, kila mmoja akihisi tumempoteza bibi mara ya pili.

Usiku ule tulimpigia simu shangazi, aliyeolewa Muscat.

"Mmepimia nini, wanangu?" aliuliza.

Tukamwambia kikombe cha chai. Kumbe kikombe kilikuwa cha sukari tu. Mchele bibi aliupimia kopo lake la bati, na kopo lenyewe tulikuwa tumeligawa pamoja na vyombo vyake vingine baada ya msiba.

"Na sukari mliitia wakati gani?"

Tuliitia mwanzo, pamoja na mchele. Hapo shangazi akatueleza taratibu. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui zito pamoja na hamira na hiliki hadi ulainike kabisa, kisha ukaachwa uumuke. Sukari na ute wa yai hutiwa baada ya kuumuka, si kabla. Karatasi ilitaja vitu, haikutaja mpangilio wake.

Ukabaki moto. Hilo nililijua mimi, wala sikujua kuwa nalijua. Utotoni kazi yangu ilikuwa kupalia makaa. Sufuria ikishapakwa samli na kupata moto, bibi humimina, kisha huniamuru nitoe makaa kwenye seredani niyaweke juu ya kifuniko. "Chini machache, juu mengi," alikuwa akisema. Nilidhani ananishughulisha tu nisimsumbue. Kumbe nilikuwa darasani.

Basi dada alikuwa na vitu, shangazi mpangilio, nami moto. Aliyeyajua yote kwa ukamilifu alikwisha tangulia mbele ya haki.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Naandika mihtasari ya vikao, hata ya kununua mikeka, wala sikuwahi kumwandikia bibi yangu mstari mmoja. Niliona jikoni si mahali pangu, ilhali tumesoma kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Mkate wa nne ndio uliokubali. Vipimo tulivyovifikia ni hivi: mchele vikombe 3, tui zito vikombe 2, sukari kikombe 1, hamira kijiko 1 cha chai, ute wa yai 1 na hiliki ya kusaga. Safari hii tumeandika pia nini kinatangulia na nini kinafuata.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usitosheke na karatasi. Ikiwa mama au bibi yako yu hai, nenda Ijumaa hii ukasimame karibu naye akipika. Kitazame chombo anachopimia. Muulize kwa nini anangoja pale anapongoja. Wachukue na watoto wa kiume, wapewe kazi ya makaa.

Alhamisi iliyofuata sahani ilirudi msikitini. Mzee mmoja alimega kipande, akatafuna, akanitazama. "Allah amrehemu bibi yako," akasema, akamega kingine.