Lugha Iliyovuka Mpaka: ALGOL huko Siberia

Wakati wa Vita Baridi nchi za Magharibi zilizuia kompyuta zao zenye nguvu zisiuzwe kwa Umoja wa Kisovieti. Lakini lugha ya kuandikia programu si mtambo. Ikishachapishwa katika jarida, yeyote aielewaye aweza kuitumia, na afisa wa forodha hana la kukagua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ALGOL 60. Lugha hiyo ilijadiliwa mjini Paris mwezi Januari 1960 na wataalamu 13 kutoka Ulaya ya Magharibi na Marekani. Mrusi hakuwamo hata mmoja. Hata hivyo, ripoti yao ilitenganisha maana ya amri na sura ya maandishi yake, hivyo kila nchi iliweza kuziandika amri zile zile kwa alama zilizofaa mitambo yake.

Katika mji wa wanasayansi ulio karibu na Novosibirsk, Andrei Ershov na wenzake walitunga lugha ya Alfa. Asili yake ni ALGOL 60, nao wakaiongezea namba changamano na uwezo wa kukokotoa safu nzima ya namba kwa amri moja. Kikwazo kilikuwa mtambo wenyewe. M-20 ulifanya matendo yapatayo 20,000 kwa sekunde, lakini kumbukumbu yake kuu ilikuwa na vyumba 4,096 tu vya kuwekea namba, na programu iliyotafsiriwa na mtambo huelekea kutapanya nafasi kuliko ile iliyoandikwa na fundi hodari.

Ershov alilitatua jambo hilo kwa njia ambayo mwanafunzi aweza kuijaribu ubaoni. Kila kigeu katika programu ni nukta. Vigeu viwili vinavyohitajika kwa wakati mmoja huunganishwa kwa mstari. Kisha nukta hupakwa rangi, ila zilizounganishwa zisiwe na rangi moja. Kila rangi ni chumba kimoja cha kumbukumbu. Ikiwa P imeungana na Q, Q na R, R na S, basi rangi mbili zatosha: P na R chumba kimoja, Q na S kingine. Vigeu vinne, vyumba viwili! Mbinu ya kupaka rangi ingali ikitumika katika programu za kutafsiri.

Wageni nao walifika. John McCarthy wa Marekani, mmoja wa wale 13, aliitembelea Novosibirsk katika miaka ya 1960. Ershov naye aliingia katika kamati ya ALGOL ya IFIP, shirikisho la kimataifa la vyama vya kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamati hiyo ilikutana huko huko Siberia.

Kwa upande wa mitambo, serikali iliamua mwishoni mwa 1969 kuiga jamii ya IBM System/360 ili programu zilizokwisha kuandikwa ng'ambo zipate kutumika. Wanasayansi wengi wa Kisovieti hawakuridhika, na kwa haki, maana kazi yao wenyewe ilisukumwa kando.

Mwezi Septemba 1985 somo la kompyuta lilianzishwa katika shule za sekondari za Umoja wa Kisovieti. Kitabu chake, ambacho Ershov alikuwa mmoja wa wahariri wake, kilitumia lugha yenye amri za Kirusi. Shule nyingi hazikuwa na kompyuta hata moja. Programu ziliandikwa daftarini.