Posti ya Kushtua Isikutoe Pesa: Uliza Kwanza, Tuma Baadaye

Posti inaingia kwenye grupu ya WhatsApp: picha ya mtoto hospitalini, "TUMENI KABLA YA SAA KUMI!" kwa herufi kubwa, na nambari ya simu. Dakika chache tu, ishafika kwa shangazi, kwa chama na kwa grupu ya kanisa. Lakini nani amempigia mzazi?

Serikali na kampuni za mitandao zimejaribu kudhibiti posti kama hizi. Hapa Kenya, sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha uongo makusudi. Mwaka huohuo wanablogu walienda kortini, wakihofia itatumiwa kuwanyamazisha watu. Hofu hiyo ina uzito: sheria ikikazwa mno, hata msema kweli hufungwa mdomo.

WhatsApp ilichukua njia nyingine. Kwa kuwa haiwezi kusoma ujumbe wetu, iliamua kupunguza kasi. Januari 2019 ilisema ujumbe utasambazwa kwa watu au grupu 5 pekee kwa mara moja. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha mmoja. Kampuni hiyo ilisema usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umepita mikono mingi.

Hata hivyo, uongo unaotembea polepole bado ni uongo. Na pesa zikishatolewa kwa ajenti, kuzirudisha ni vigumu. Kwa hivyo, kabla ya kuweka nambari ya siri, tunakuomba:

- Piga simu kwa mtu unayemjua anayeijua familia hiyo.
- Soma jina la mpokeaji. Halilingani na la kwenye posti? Usiendelee.
- Chunguza picha. Picha za zamani hutumiwa tena na tena.
- Ripoti posti ya kutiliwa shaka. Usiisambaze, hata kwa kuuliza "hii ni kweli?"
- Umeshatuma? Omba kurudishiwa pesa papo hapo, usingoje kesho.

Huruma yako ni kitu kizuri, na matapeli wanalijua hilo. Mgonjwa wa kweli hatakosa mchango wako kwa sababu ulichukua dakika kumi kuuliza.